Je, huu ni mpunga mwitu unaostahimili chumvi? Mmea uliobaki hai katika jaruba lililokufa, Pawaga

Mwalimu_Pawaga

Kamwene, ndugu zangu wa Nyanda za Juu Kusini.

Ninafundisha baiolojia katika shule ya sekondari, na pamoja na ualimu ninalima mpunga huku Pawaga, mkoani Iringa, tunakotegemea maji ya Ruaha Mdogo. Naomba msaada wa kutambua mmea ambao nimeufuatilia tangu mwezi Machi bila kufikia jibu, nikiamini kwamba miongoni mwenu wapo wanaozijua nyasi kuliko mimi.

Jaruba langu moja liko mwisho wa mfereji, mahali ambapo maji hufika yakiwa machache na yakishaingia hayana pa kutokea. Kwa misimu mitatu mfululizo nilipandikiza humo mbegu ya mpunga iitwayo SARO 5. Miche ilishika vizuri, kisha ncha za majani zikaanza kukauka na kuwa nyeupe, na ulipofika wakati wa kuchanua mpunga ulikuwa umekufa kwa mabaka makubwa. Maji yanapokauka, juu ya udongo hubaki utando mweupe ambao ukiuonja una ukali wa magadi. Mwaka huu sikulilima kabisa.

Katika jaruba hilo, na pembeni yake kwenye ukingo wa mfereji, imeota nyasi ya kijani kibichi ambayo haionyeshi dalili yoyote ya kuungua. Inafika kiunoni. Majani yake ni membamba na marefu, na juu yake huonekana chembe nyeupe zinazometa ambazo nilipozilamba nilikuta ni chumvi. Masuke yake yamelegea kama ya mpunga, punje zina ndevu ndefu na hupukutika ukizigusa tu. Nilipochimba nilikuta shina nene linalotambaa chini ya ardhi na kuchipua mbele. Mahali jani linapoachana na ala yake, yaani sehemu inayolizunguka shina, pana kiulimi cheupe kama karatasi laini. Wanafunzi wangu wameupa mmea huu jina la "mpunga chumvi".

Ninataka kujua kama huu ni mpunga mwitu, na kama ndiyo, ni aina ipi. Nimesoma kitabu kimoja cha zamani kinachosema kwamba *Oryza barthii* ni mpunga mwitu wa kudumu wenye shina la chini ya ardhi, na nilipotafuta kwingine nikakuta *Oryza barthii* huo huo unaelezwa kuwa wa msimu mmoja usio na shina hilo. Nimeshindwa kuelewa ni nani aliyekosea. Je, kuna uwezekano kwamba tumepata aina mpya inayostahimili chumvi, ambayo watafiti wangeweza kuizalisha na mpunga wetu? Na mtu kama mimi, asiye na maabara, afuate njia gani ili mmea wake uainishwe kwa uhakika?

Nyasi_Mbeya

Mwalimu, nakushukuru kwa kueleza kwa undani. Nimefanya kazi ya kukusanya na kutambua mimea, hasa nyasi, kwa miaka mingi katika mikoa yetu, na nimeyasoma maelezo yako mara tatu kabla ya kujibu, kwa sababu kuna jambo halikai sawa. Kila sifa uliyoitaja naifahamu, lakini sizifahamu zikiwa pamoja katika mmea mmoja. Naamini kabisa kwamba unaeleza mimea miwili iliyoota jirani, na kwamba sifa zake zimechanganyika kwa sababu yote miwili ni mirefu, ni ya kijani na ina kiulimi cheupe.

Nianze na ule ninaodhani uko kwenye ukingo wa mfereji. Shina nene linalotambaa chini ya ardhi, punje zenye ndevu na zinazopukutika, pamoja na kiulimi kirefu, ni sifa za *Oryza longistaminata*, mpunga mwitu wa kudumu ambao wakulima wa Usangu na Kyela wanaufahamu kama gugu sugu. Jina hilo lina maana ya mpunga wenye stameni ndefu, yaani sehemu za kiume za ua zinazobeba chavua. Kiulimi chake katika majani ya chini huweza kufikia milimita 45 na huishia kwa ncha kali inayopasuka mara mbili.

Kuhusu vitabu vyako viwili, kila mwandishi alifuata desturi ya wakati wake. Kwa muda mrefu jina *Oryza barthii* lilitumika kimakosa kwa mpunga mwitu huu wa kudumu, na ule wa msimu mmoja ukaitwa *Oryza breviligulata*, yaani wenye kiulimi kifupi. Baadaye, wataalamu waliporejea vielelezo vya awali, yaani mimea iliyokaushwa na kuhifadhiwa, vilivyotumiwa kutoa majina hayo, ilionekana kwamba jina *barthii* ni mali ya ule wa msimu mmoja. Huo ndio mzazi wa mpunga wa Kiafrika, *Oryza glaberrima*, uliofugwa Afrika Magharibi. Ule wa kudumu ukabaki na jina *longistaminata*, lililotolewa mwaka 1914. Kwa hiyo ukisoma kitabu cha zamani, usiamini jina peke yake, soma maelezo ya mmea kwanza.

Sasa nije kwenye chembe za chumvi, maana hapo ndipo kiini cha swali lako kilipo. Mpunga mwitu wa kwetu hautoi chumvi kupitia majani. Katika jenasi yote ya *Oryza*, yaani kundi la spishi zote za mpunga, unaofahamika kwa kufanya hivyo ni *Oryza coarctata*, unaoota kwenye midomo ya mito na fukwe za matope za Bangladesh, India na Pakistani, ambako maji ya bahari huingia na kutoka. Una tezi ndogo za chumvi juu ya majani, una kromosomu 48 wakati mpunga wa kawaida una 24, na ni tofauti kiasi kwamba kwa miaka mingi uliwekwa katika jenasi yake peke yake, *Porteresia*, kabla ya kurejeshwa kwenye *Oryza*. Kuukuta Pawaga, mamia ya kilomita kutoka baharini na upande wa pili wa bahari kutoka kwao, ni jambo ambalo nisingelikubali bila kielelezo mkononi.

Ila ipo nyasi nyingine, ya hapa hapa Afrika, yenye tezi za chumvi na inayopenda udongo wa magadi wenye unyevu, nayo ni *Diplachne fusca*. Huko Pakistani wakulima wameitumia kwa miongo mingi kama hatua ya kwanza ya kurudisha uhai kwenye mashamba yaliyoharibiwa na chumvi. Na yenyewe ina kiulimi cheupe, ndiyo maana nasema ni rahisi kuchanganya, ingawa cha kwake hakifikii urefu wa kile cha mpunga mwitu. Haina shina nene la chini ya ardhi kama ulilochimba. Huota kwa vichaka.

Historia ya jina lake itakufaa darasani. Linnaeus aliiita *Festuca fusca* mwaka 1759. Baadaye ikahamishiwa *Diplachne*, kisha *Leptochloa*, ambako ilikaa muda mrefu hadi uchunguzi wa vinasaba ulipoonyesha kwamba *Leptochloa* ilikuwa imekusanya nyasi zisizo za ukoo mmoja, na ikarudishwa *Diplachne*. Neno *fusca* limebaki wakati wote, na ndilo la kushika unapotafuta habari zake.

Usinitegemee mimi kwa maneno matupu. Chukua suke la mmea wenye chembe za chumvi na suke la mmea uliochimbua shina lake, kila moja kwenye bahasha yake, uyatazame kwa lenzi ya mkono ya hapo shuleni. Katika mpunga, uliofugwa na ule wa mwitu, kila kishuke, yaani kifungu kidogo cha maua kwenye suke, huwa na kiua kimoja tu kinachozaa, nacho kikifunguka asubuhi utahesabu stameni sita. Nyasi nyingi nyingine zina stameni tatu. *Diplachne* ina stameni tatu, na kishuke chake kina viua kadhaa vilivyopangana kwa safu mbili, kama mkeka mwembamba uliosukwa. Hesabu ya stameni haibadilishwi na udongo, wala na ukame, wala na umri wa mmea. Kimo, rangi na upana wa majani hubadilika, ndiyo maana huwa sivitegemei ninapotafuta jina.

Jambo la mwisho kuhusu chembe hizo. Katika jaruba lenye utando mweupe, upepo wenyewe hurusha chumvi na kuitua juu ya kila jani, kwa hiyo kulamba jani hakuthibitishi kitu. Osha jani kwa maji safi likiwa bado kwenye mmea, liache likauke, lifunike kwa mfuko wa plastiki na kuufunga chini bila kuliumiza. Ukikuta chembe mpya kesho yake, basi mmea wenyewe ndio umezitoa.

Malisho_Momba

Naomba kuongezea kwa yale niliyoyaona kwa macho yangu, kwani nimefanya kazi ya ugani wa mifugo katika Bonde la Rukwa, upande wa Kamsamba na Ivuna.

Ziwa Rukwa halina mto unaotoka, na kwa hiyo maji yake ni ya magadi, na maji yanapopungua huacha tambarare pana nyeupe. Pale Ivuna watu wamekuwa wakitengeneza chumvi kutokana na chemchemi na udongo wake tangu karne nyingi zilizopita, jambo ambalo wachimbaji wa mambo ya kale wamelithibitisha. Nyasi anayoitaja Nyasi_Mbeya iko huko kwa wingi, na nilijifunza jina la *Diplachne* mbugani kabla sijalisoma kitabuni, kwa sababu maofisa wa kudhibiti nzige wekundu waliofanya kazi Rukwa walilitumia sana. Bonde hilo ni mojawapo ya mazalia ya nzige hao, na ili kujua wangetagia wapi walilazimika kuzitambua nyasi zote.

Niliyojifunza ni kwamba nyasi za chumvi hujipanga kwa mistari. Mahali panapofurika kwa msimu, udongo ukiwa wa magadi lakini mzito na wenye maji, utaikuta *Diplachne* imetawala. Ukisogea mahali palipokauka zaidi na penye chumvi kali zaidi, inaipisha nyasi fupi inayotambaa juu ya ardhi, yenye majani magumu ambayo ncha zake zinachoma mguu, nayo ni *Sporobolus spicatus*. Ukirudi nyuma kwenye maji matamu, zote mbili zinatoweka. Mwalimu, ingekusaidia kuchora ramani ndogo ya jaruba lako kabla ya kuchukua sampuli yoyote, ukionyesha nini kimeota wapi. Mmea unapokaa si ushahidi wa jina lake, hapo nakubaliana na aliyetangulia, lakini ramani ingekuonyesha mapema kwamba unatazama makundi mawili.

Ng'ombe wanaila vizuri ikiwa changa. Ikikomaa hawaishughulikii sana.

Mzee_wa_Majaruba

Mwanangu Mwalimu, mimi nalima Mbarali tangu enzi za ujana wangu, na sina elimu ya kuhesabu stameni. Nakuomba jambo moja kabla hujaendelea. Hilo shina la mpunga mwitu ulilochimba, usilitupe kwenye mfereji, usiligawe kwa jirani, wala usiwape wanafunzi waende nalo nyumbani. Kipande chenye urefu wa kidole kikipata unyevu kinachipua. Nimeona shamba la heka nne likiachwa kwa sababu trekta ilikatakata mashina hayo na kuyatawanya kila kona, na msimu uliofuata mpunga mwitu ulikuwa mwingi kuliko uliopandwa.

Tena nina swali kwa hawa wataalamu, na nauliza kwa heshima. Jaruba lake limekufa kwa chumvi. Je, kujua jina la nyasi kutamrudishia gunia hata moja? Kwa uzoefu wangu, jaruba la mwisho wa mfereji hufa kwa sababu maji hayatoki. Achimbe mfereji wa kutolea maji kwanza.

Nyasi_Mbeya

Mzee wangu, shikamoo. Onyo lako kuhusu mashina nilipaswa kulitoa mimi, na nashukuru umelitoa kwa uzito unaostahili. Mwalimu, vipande vyote usivyovihitaji vikaushwe juani juu ya bati hadi vivunjike, kisha vichomwe.

Kuhusu swali lako, uko sahihi kwamba ugonjwa wa jaruba hilo ni maji yasiyotoka. Maji ya mfereji huwa na chumvi kidogo sana, jua huyavukiza, chumvi hubaki, na msimu baada ya msimu hujilimbikiza. Mpunga ni miongoni mwa nafaka zisizovumilia. Chumvi ya udongo ikipita desisimensi 3 kwa mita (kipimo cha chumvi kwa jinsi inavyopitisha umeme), mavuno huanza kushuka, na kwa kila desisimensi moja inayoongezeka hupungua kwa takribani asilimia 12. Miche michanga na mpunga unaochanua ndio huumia zaidi. Ikiwa tatizo ni la magadi, yaani sodiamu imeshika chembe za udongo na pH, yaani kipimo cha asidi na magadi, imepita 8.5, hata mfereji wa kutolea maji pekee hautatosha, kwa sababu udongo huziba na maji hayapenyi. Hapo huhitajika jasi ili kalisi iliyomo iiondoe sodiamu, ndipo maji matamu yaisafirishe nje. Kwa hiyo apime udongo kwanza. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI Uyole, hapa Mbeya wana maabara ya udongo.

Lakini jina nalo lina kazi, Mzee. Mmea ukishajulikana kwa jina sahihi, yote ambayo watu wamejifunza kuuhusu duniani kote yanakufikia shambani kwako. Mwalimu akithibitisha kwamba ile ya katikati ni *Diplachne*, atajua papo hapo kwamba anaweza kuivuna kama malisho wakati anasafisha jaruba, na pia kwamba haiwezi kuzalishwa na mpunga, kwa kuwa ni jamaa wa mbali mno. Akiuchukulia kuwa ni mpunga atapoteza miaka. Na ile ya ukingoni, gugu linalotusumbua, ina thamani yake. *Oryza longistaminata* kutoka Mali ndiyo iliyotoa Xa21, jeni inayoukinga mpunga dhidi ya ugonjwa wa mnyauko wa majani unaosababishwa na bakteria, na ambayo ilitengwa kwenye maabara mwaka 1995. Shina lake la chini ndilo lililowawezesha watafiti wa Yunnan, China, kupata mpunga unaovunwa misimu kadhaa bila kupandwa upya.

Mwalimu_Pawaga

Ndugu zangu, nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kurudi na majibu. Nilikwenda jarubani na wanafunzi kumi na wawili, tukachora ramani kama alivyoshauri Malisho_Momba, kisha tukafungua maua kwa sindano chini ya lenzi.

Ni mimea miwili. Nimeona aibu kidogo kama mwalimu, lakini furaha imezidi, kwa sababu wanafunzi waliliona jambo hilo kwa macho yao wenyewe kabla sijasema neno. Ukingoni mwa mfereji, mahali ambapo maji matamu huvuja, kila kishuke kilikuwa na kiua kimoja na stameni sita zenye vifuko virefu vya chavua vinavyoning'inia. Kiulimi cha jani la chini tulikipima kikawa na milimita 31, chenye ncha iliyopasuka. Shina la chini ya ardhi lilikuwepo katika kila kichaka tulichokichimba upande huo. Katikati kabisa ya jaruba, kwenye weupe, hatukupata hata mmea mmoja wa namna hiyo. Huko vishuke vina viua sita hadi tisa, stameni tatu katika kila kiua, na ganda la kila kiua lina vijino viwili nchani. Kiulimi kina milimita 8. Jani tuliloliosha na kulifunika lilikuwa na chembe mpya asubuhi iliyofuata, na jani la mmea wa ukingoni tulilolifanyia vivyo hivyo lilikuwa safi.

Hata hivyo limebaki jambo moja linalonisumbua. Katika ramani yetu kuna vichaka vitano vya mpunga mwitu ambavyo havipo kwenye uvujaji wa maji. Vimeingia hatua nne au tano ndani ya jaruba, mahali ambapo utando mweupe unaonekana wazi, na ni vya kijani, ingawa ni vifupi kuliko vile vya ukingoni. Tumehesabu stameni zake, nazo ni sita. Je, hivi si aina ya pekee inayostahimili chumvi? Je, vinastahili jina lake?

Nyasi_Mbeya

Mwalimu, hongera sana kwako na kwa wanafunzi wako. Kwa sifa hizo sina shaka na utambuzi wa mimea yote miwili. Na swali lako la sasa ni zuri kuliko la kwanza.

Tatizo letu moja ni kwamba neno "aina" katika Kiswahili hubeba mizigo mingi. Tunasema aina kwa spishi, tunasema aina kwa mbegu kama SARO 5, na tunasema aina kwa mmea wowote unaoonekana tofauti kidogo. Katika uainishaji, chini ya spishi kuna spishi ndogo, chini yake varieti, kisha forma, na kila ngazi inadai tofauti za umbo zinazodumu, zilizoandikwa na kuambatanishwa na kielelezo kilichohifadhiwa. Mbegu iliyozalishwa na watu hufuata kanuni nyingine kabisa. Vichaka vyako vitano haviingii popote kati ya hapo, kwa sababu umbo lake, ukiondoa kimo, ni lile lile. Kinachowezekana ni kile ambacho mtaalamu wa Sweden, Göte Turesson, alikiita ekotaipu mwaka 1922, yaani kundi la spishi moja ambalo limerithi uwezo wa kuishi katika mazingira fulani. Ekotaipu haipewi jina la Kilatini. Huelezwa kwa mahali ilipotoka na kwa uwezo wake.

Lakini hata hilo bado hujalithibitisha. Mpunga mwitu hutambaa chini ya ardhi, na kichaka unachokiona hatua tano ndani ya chumvi kinaweza kuwa bado kinanyonya maji matamu kupitia shina lililoungana na mama yake ukingoni. Chimba taratibu ufuate shina hadi mwisho. Ikiwa limeungana, swali limekwisha. Ikiwa halijaungana, mizizi yake inaweza kuwa imepita chini ya utando na kufikia udongo usio na chumvi nyingi, kwa hiyo pima chumvi kwa kina tofauti, juu, kwenye sentimita 20 na kwenye sentimita 40, palepale kilipo kichaka.

Ukivuka vikwazo hivyo viwili, ndipo ufanye jaribio la kuotesha kwenye bustani moja. Chukua vipande vya mashina kutoka vichaka vya ndani na vya ukingoni, vioteshe vyote kwenye ndoo zenye udongo mzuri na maji matamu hadi vitoe machipukizi mapya, ili athari za mahali vilipotoka zipungue. Kisha gawanya kila mmea katika ndoo mbili, moja yenye udongo mzuri na nyingine yenye udongo wa jaruba lako. Usitumie chumvi ya mezani, maana magadi huumiza mmea kwa pH yake pia, na chumvi ya mezani haina tabia hiyo. Weka na SARO 5 kwa kulinganisha. Changanya mpangilio wa ndoo ili zisipendelewe na kivuli. Ikiwa mimea ya ndani itaendelea kuishi pale ambapo ya ukingoni inakufa, una jambo la kuwapelekea watafiti wa mpunga, nao watalipokea. Ikiwa zote zitakufa sawa, utakuwa umejua kwamba ni mahali palipozilinda. Na ndoo zisitobolewe chini, zikae juu ya sakafu ya saruji, kwa sababu ile aliyoisema Mzee.

Wakati huo huo tengeneza vielelezo. Chimba mmea mzima, pamoja na shina la chini na kiulimi kikionekana, ukunje kwa umbo la N ili utoshe, uubane katikati ya magazeti na mbao mbili, na ubadilishe magazeti kila siku mpaka ukauke. Fanya nakala tatu zenye namba ile ile, moja ibaki shuleni. Hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na ile ya Taifa iliyoko Arusha, chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ndizo mahali pa kuzipeleka nyingine. Kielelezo kisicho na lebo hakina faida yoyote, kwa hiyo andika tarehe, kijiji, vipimo vya jiografia, hali ya udongo, kina cha maji, rangi ya vifuko vya chavua vikiwa bado vibichi, na mimea iliyoota jirani.

Mzee_wa_Majaruba

Nimeridhika na majibu, na nitafuatilia habari za ndoo. Mwanangu, msimu huu anza pia ule mfereji wa kutolea maji, hata kama ni mfupi, upande ule ulio chini zaidi.

Mwalimu_Pawaga

Asante sana, Mzee wangu, na asanteni nyote. Mfereji tumeshaupima na majirani wawili walio chini yangu wamekubali upite mpakani mwao. Vichaka vitatu kati ya vitano tumevikuta vimeungana na ukingo kwa shina la chini, kama alivyohofia Nyasi_Mbeya. Viwili havijaungana, na hivyo ndivyo tutakavyovipeleka kwenye ndoo. Vielelezo vya mimea yote miwili viko kwenye magazeti. Swali langu la mwisho ni dogo, kwenye sehemu ya jina la kienyeji katika lebo, je, niandike "mpunga chumvi"?

Nyasi_Mbeya

Hapana, usiliandike peke yake. Waulize kwanza wazee wa Pawaga, Wahehe na wengine waliokulia hapo, wanaziitaje nyasi hizo mbili, na uandike jina, lugha yake na kwamba limetajwa na wakazi. Jina la wanafunzi wako liandike chini yake, ukieleza kwamba limetungwa darasani mwaka huu na lilitumika kwa mimea yote miwili kabla haijatenganishwa.